Ubeti wa Nne wa "Sibanduki"

4 Machi

Wifi yangu,

"Ukweli wa mwenye wivu ni wivu uliokwenda kuoga." Hayo ndiyo maneno uliyonitupia jana kwenye simu, ukakata kabla sijafungua mdomo. Ni sentensi tamu. Ningeitunga mimi, ningeipandisha juu kabisa ya makala yangu ya Jumapili. Lakini ni uongo kuanzia kichwa hadi mkia, na kwa kuwa unalalamika kwamba kwenye simu sikupi hata nafasi ya kumeza mate, naijibu kwa kalamu.

Jirani anayeitamani nyumba yako akikupigia kelele kwamba paa linaungua, utamwambia kwanza akasafishe roho, au utatafuta maji? Moto hauulizi nani ameuona. Na nikwambie jambo ambalo wastaarabu hawapendi kulisema: hakuna anayetazama vizuri kama mwenye wivu. Rafiki anakutazama usoni, anatabasamu, anapita. Mwenye wivu anakukagua mpaka upindo wa gauni, na uzi ukichomoka yeye ndiye wa kwanza kuuona.

Basi, wivu ninao. Tuuanike juani wote tuuone. Mimi naandika gazetini tangu hujaingia katika ukoo wetu, nagombana na wakubwa wa kila aina, na makala zangu watu wanafungia misumari. Wewe umetunga shairi moja, "Sibanduki". Mume wako, ambaye ni mdogo wangu, akalipaka kwenye ukuta wa shule unayofundisha. Mpita njia akaupiga ukuta picha, na leo shairi liko kwenye simu, kwenye vikombe, kwenye kadi za harusi. Juzi muuza dawa alisoma jina langu kwenye cheti akaniuliza kwa heshima kubwa, "Samahani mama, wewe ndiye wifi wa yule mshairi?" Nilimeza kidonge palepale, bila maji.

Na herufi zile za ukutani! Herufi hizo nilimfundisha mimi, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, mama yetu akiwa kazini. Nilimshika mkono. Sasa mkono huohuo unaandika maneno yako. Wivu ninao, wifi, tena wa kugawia mtaa mzima.

Sasa jibu swali. Ubeti wa nne uko wapi?

Uliponitumia shairi hilo kabla halijapakwa, lilikuwa na beti nne. Nilikujibu kwamba tatu za mwanzo ni sukari na wa nne ndio chakula. Kila mtu sasa anaijua sukari:

*Wanivute kwa vikuku, wanitishe kwa maneno,*
*Wanisifu kila siku, na wanitolee meno,*
*Mchana hata usiku, sitabadilisha neno,*
*Niliposimama ndipo, hapa hapa sibanduki.*

Vizuri. Mtu ashike anachokiamini. Lakini ubeti wa nne ulisema mtu afanye nini akigundua kwamba aliposimama pana makosa. Huo haumo ukutani, haumo vikombeni, na sasa waandaaji wa kitabu cha kusoma cha darasa la saba wamekuomba kibali wachapishe beti tatu tu, na wewe unataka kukubali. Likishaingia kitabuni, limekwisha. Watoto watalikariri hivyo, watalizeekea hivyo.

Umelichuna shairi lako mwenyewe nyama kwa sababu watu wanapenda ngozi. Waandikie waandaaji wakupe beti nne. Usipofanya hivyo, ubeti wa nne nitauchapisha mimi kwenye safu yangu, na nitaeleza nani aliuficha.

Wifi yako,
Pilipili

(Jina hilo nimepewa na maadui. Nimelipenda.)

*

9 Machi

Wifi Pilipili,

Barua nimeipata, na mikono bado inaniwasha.

Sikatai kwamba shairi lina beti nne. Nilizitunga, nazijua. Sababu ya kuwa tatu ukutani ninayo, na haikuhusu. Najua kwako hakuna jambo lisilokuhusu. Mwandishi wa magazeti akiona mlango umefungwa anadhani umefungwa kwa ajili yake.

Unasema watu wanapenda ngozi. Wifi, ulikuja kwetu siku ile ya mahafali? Uliwaona wale wasichana wa darasa la sita wanavyolisema? Kuna mmoja baba yake alitaka kumwachisha shule, akasimama mbele yake akamsomea beti mbili, wa tatu akashindwa kwa kilio. Yuko darasani kwangu mpaka leo, anatafuna kalamu zangu. Huyo beti tatu zilimtosha. Nenda kamwambie alikula sukari.

Na kwa kuwa tunaanika, nami nianike. Unadhani wewe peke yako ndiye mwenye wivu katika ukoo huu? Nimeolewa na mwanamume ambaye Jumapili, kabla hajanisalimia, anauliza, "Dada ameandika nini leo?" Anasoma makala yako akiwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Anacheka peke yake. Nikimuuliza anacheka nini, ananiambia, "Aa, hili ungekuwepo tulipokuwa watoto ndiyo ungelielewa." Ungekuwepo! Mimi namfulia nguo zenye rangi ya mafuta, nampaka dawa mgongoni akishinda juu ya ngazi, lakini kicheko chake kizuri ni chako. Nilipotunga "Sibanduki" akaniambia, "Nitaipaka ukutani," ndiyo mara ya kwanza nilihisi mkono ule ni wangu.

Sasa umekuja kuutaka tena.

Nakuomba, na mimi kuomba si kazi yangu: usichapishe. Usinidai sababu. Wewe ni mkubwa, mara moja tu uwe mkubwa wa kunyamaza.

Mwalimu

*

14 Machi

Wifi,

Kunyamaza si ukubwa. Mawe yananyamaza.

Huyo msichana namvulia kofia. Mwambie nimesema hivyo. Lakini kwa kila msichana mmoja wa namna hiyo nina wazee kumi ambao shairi lako limewapa fimbo. Nilikwenda wiki iliyopita kwenye kiwanda cha magodoro kilicho nyuma ya stesheni, kuzungumza na wanawake wanaoshona foronya. Chumba kirefu, cherehani zimebanana, vumbi la sponji limekaa hadi kwenye kope. Madirisha yamepigiliwa misumari, eti vitambaa visiibwe. Wanawake wale walimwandikia meneja barua ya heshima kumwomba afungue. Unajua alijibu nini? Aliwapeleka mlangoni mwa ofisi yake. Pale pana fremu ya dhahabu, na ndani yake "Sibanduki", beti tatu. Akawasomea ubeti wa kwanza, akarudi ndani.

Mshonaji mmoja, mama wa makamo, aliniuliza huku anakohoa, "Hivi huyo aliyeandika haya, ana roho gani?"

Nilinyamaza, wifi. Mimi! Ningemwambia nini? Kwamba mwandishi ni mke wa mdogo wangu, ana roho nzuri, ila amemkata ulimi mtoto wake mwenyewe?

Shairi la kushikilia unachokiamini bila ubeti wa kukubali kosa ni shairi la punda. Hilo uliliona wewe kabla yangu. Ndiyo maana uliandika beti nne. Sasa unasema una sababu. Sababu gani isiyoweza kusemwa? Nitakwambia ninayoidhani: makofi. Ulianza kupigiwa makofi kwa tatu, ukaogopa wa nne usije ukayapunguza. Umesimama mbele ya watoto ukiwafundisha wasibanduke, na wewe mwenyewe ulibanduka kwa makofi ya kwanza.

Makala nimekwisha iandika. Iko kwa mhariri. Inatoka Jumapili ijayo, labda uniandikie sababu inayozidi kikohozi cha yule mama.

Pilipili

*

18 Machi

Pilipili,

Haya, ichukue. Ukiipata usije ukasema sikukuonya.

Ukuta uliisha.

Ndiyo hiyo sababu. Hakuna makofi wala nini. Mdogo wako alipima kwa jicho. Alianza na herufi kubwa kama sufuria, nzuri ajabu, watoto wote wakashangilia, na alipomaliza ubeti wa tatu alikuwa amepiga magoti, brashi inagusa msingi. Nilitoka darasani nikamkuta ameganda hivyo. Anatazama chini, anatazama juu, kama mtu aliyeshuka basi akakuta mzigo umekwenda.

Wewe hujui mwaka ule ulivyokuwa kwake, kwa sababu kwako huwa anakuja na vichekesho tu. Mabango ya plastiki ya kuchapishwa na mashine yalikuwa yamemmaliza. Maduka yote aliyoyapaka miaka na miaka yalifunika kazi yake kwa plastiki. Alikuwa anaondoka asubuhi na brashi zake, anakaa bustanini, anarudi jioni na brashi kavu, anasema, "Leo kulikuwa na kazi kidogo." Ukuta wa shule ndio ulikuwa kazi yake ya kwanza ya maana, na mwalimu mkuu aliikubali kwa sababu nilimbembeleza.

Basi alinigeukia pale chini akaniuliza, "Mke wangu, beti tatu zinatosha?" Ningemwambia nini? Wazazi wanaingia getini, mwalimu mkuu anakuja na wageni. Nikamwambia, "Zinatosha kabisa. Wa nne nilikuwa nataka kuutoa hata hivyo. Haukunikaa vizuri." Nikaona uso wake ukifunguka. Akasimama, akafuta mikono.

Kisha picha ikaenea. Leo anaitwa huku na huku, shule hii, zahanati ile, wote wanataka ukuta kama ule, shairi kama lilivyo. Anaondoka asubuhi anapiga mluzi. Nikisimama leo nikasema shairi ni la beti nne, kila mtu atauliza wa nne ulikwenda wapi, na jibu litakuwa: fundi aliishiwa ukuta. Watamcheka. Fundi akichekwa, kazi imekwisha.

Mimi nilichagua mume kuliko shairi. Niite punda ukitaka. Sasa zamu yako: chagua kati ya makala na ndugu yako. Na hili nakuomba kwa jina la yule mama aliyemwacha mdogo wako mkononi mwako: yeye asijue kwamba nilidanganya. Asijue kamwe.

Mwalimu

*

22 Machi

Kwa wifi yangu, na kwa mdogo wangu,

Ndiyo, nyote wawili. Majina yenu yote yako juu ya bahasha, na atakayeifikia kwanza aifungue.

Makala nimeiondoa kwa mhariri. Amekasirika, amenipa majina ambayo hata maadui zangu hawakuyafikiria. Wifi, nilikuita mpenda makofi, na haikuwa kweli. Hilo nalifuta kwa wino uleule.

Lakini kuhusu kunyamaza, sinyamazi.

Nimeisoma barua yako ya ukuta mara nyingi, na kila mara nimechomwa mahali pamoja. Si pale ulipodanganya. Ni pale niliposoma kwamba alikaa bustanini na brashi kavu na mimi sikujua. Mwaka mzima! Mimi niliyemfuta kamasi. Kwangu alileta vichekesho. Wewe ulipewa machozi. Nilidhani kicheko ndicho chenye thamani, kumbe nilipewa maganda. Wivu wangu wa mwanzo, ule wa vikombe na kadi, ulikuwa mchezo wa watoto. Huu wa sasa unauma kweli, na sijui nani wa kugombana naye.

Kwa hiyo nagombana na hoja. Umesema ulichagua mume kuliko shairi. Hapana, wifi. Ulichagua mume mdogo kuliko mume uliyenaye. Ulimtazama mtu mzima, fundi, baba wa watoto, ukaamua moyoni kwamba hawezi kubeba jambo linaloweza kubebwa na kila fundi duniani: nilipima vibaya. Hiyo si heshima. Hiyo ni kumfunika mtu blanketi mpaka usoni.

Mdogo wangu, sasa unajua. Mke wako hakuwa anataka kuutoa ubeti wa nne. Aliupenda. Alikudanganya pale chini ya ukuta ili usione aibu, na amekaa na uongo huo tangu siku ile, na yuko karibu kutia saini kitabu cha watoto wa nchi nzima ili uongo huo usikuguse. Amenisihi nisikwambie. Nimekwambia. Laana ikiwepo, ije kwangu, nimezizoea.

Msinijibu kwa simu.

Dada, na wifi

*

30 Machi

Dada, shikamoo.

Barua nimeifikia mimi kwanza. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Nilimpelekea nje, akaisoma kwenye kamba, katikati ya mashuka, na alipomaliza alirudi ndani akaacha nusu ya nguo kwenye beseni. Nikaanika mimi. Jirani akapita akasema, "Fundi, leo umepewa adhabu?" Nikamwambia, "Ndiyo, na sijui kosa."

Mimi si mtu wa kuandika maneno yangu mwenyewe, huwa naandika ya watu. Lakini mmeandikiana juu yangu mwezi mzima kama watu wanaouziana mbuzi, na mbuzi hajaulizwa. Kwa hiyo vumilia.

Ya kwanza. Habari ya ukuta kuisha inajulikana. Dada, kila mtu aliyekuwepo siku ile aliona! Mwalimu mkuu mwenyewe alinipa kikombe cha chai akasema, "Fundi, ukuta wa serikali ni mfupi, eh?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Mafundi wenzangu wananiita Msingi. Fundi gani hajaishiwa ukuta? Yupo mmoja tunayemjua aliandika "DUKA LA VIFAA VYA UJENZ" akafika kwenye mlango. Mpaka leo duka linaitwa hivyo na linauza. Ninyi wawili ndio mliokuwa mnaficha, tena mlikuwa mnanificha mimi, na mimi nilikuwepo.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Kuishiwa ukuta hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni alichosema. Dada, ule ubeti wa nne ndio ulionifanya nitake kulipaka shairi. Alinisomea jikoni mara ya kwanza, ulipofika wa nne nikaacha kula. Nilijua kuna ukuta wa ubavuni, upande wa mabomba. Nilikuwa nataka kumwambia, "Nipe siku mbili, nitaukunja kona." Nikauliza tu kwanza kama zinatosha, kumsikiliza. Akasema alikuwa anataka kuutupa. Nikasema moyoni, basi, mwenye shairi amesema, mimi ni nani. Tangu siku ile nimepaka beti tatu kwenye kuta za watu, na kila nikimaliza nahisi nimemwacha mtu nje ya mlango. Nikawa najiuliza: mwanamke aliyeandika maneno yale, akayatupa kirahisi hivyo, kuna nini kingine alichokitupa?

Yaani yeye alinihurumia, mimi nikamtilia shaka. Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja.

Ya tatu ni yako. Ulisihiwa usiseme, ukasema. Najua utaniambia ni kwa ajili ya ukweli. Sehemu moja ndiyo. Sehemu nyingine, dada, ulitaka nijue kwamba aliyeniambia ni wewe. Nimekujua tangu nikiwa mtoto. Ungeweza kumpa wiki moja aniambie mwenyewe. Wiki moja tu. Alikuwa ameanza; siku tatu kabla ya barua alinishika mkono akasema, "Nina neno," watoto wakaingia.

Hiyo nafasi umempokonya. Mimi sijakasirika kwa kelele, unajua sijui kelele. Ila Jumapili hii sikusoma makala yako. Usinitafute mpaka nikutafute.

Mdogo wako

*

12 Aprili

Wifi,

Nakuandikia bila kujua kama nakusamehe. Naona itabidi niendelee kuandika ndipo nijue.

Waandaaji wa kitabu wamejibu. Niliwaandikia siku ile ile ya mashuka, nikawaambia shairi ni la beti nne. Wamenijibu kwa upole kwamba ukurasa umekwisha pangwa, una picha ya mlima na nafasi ya beti tatu. Wakaongeza kwamba ubeti wa nne "unapunguza nguvu ya ujumbe". Nikubali tatu, au watafute shairi lingine. Nimewaambia watafute. Jana nimesikia wamelipata, linahusu nyuki.

Nililia kidogo. Usijifanye huna furaha. Nakuona kutoka hapa.

Mume wangu alinisomea barua yako kwa sauti, ile sehemu ya blanketi. Akaniuliza, "Ni kweli ulinifunika mpaka usoni?" Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Mimi nilikuwa napumua, mama watoto. Ungegusa tu." Kisha akachukua brashi na ngazi fupi akaenda shuleni, Jumamosi, hakuna mtu. Ubeti wa nne sasa uko ukuta wa ubavuni, upande wa mabomba, kwa herufi ndogo zilizopimwa kwa rula. Hajawahi kutumia rula maishani mwake. Watoto wakienda kunywa maji ndipo wanaukuta. Wakubwa wanaokuja kupiga picha wanasimama mbele, hawauoni.

Nyumbani ananitendea kwa adabu. Ndiyo inayonitisha, adabu. Zamani angenitania kwa ajili ya nyuki wale wiki nzima. Amesema mara moja tu, akiwa anaosha brashi, kwamba itachukua muda. Nami nimejifunza kusubiri bila kumpoza.

Kuhusu wewe: ulichonifanyia hakikuwa haki, na ulichosema kilikuwa haki. Yote mawili nayashika. Ningependa moja lilifute jingine, halifuti.

Sasa nakupa ulichokitaka tangu mwanzo, na safari hii nakupa mwenyewe, hukunipokonya: chapisha ubeti wa nne. Kwa sharti moja. Sema kwamba fundi aliishiwa ukuta. Ni yeye aliyetaka hivyo. Amesema, "Mwambie asinipambe."

Na mimi nibaki na wivu wangu: makala yako itasomwa na watu wengi kuliko ukuta wa mabomba.

Mwalimu

*

20 Aprili

BARUA YA WAZI, kwenye safu ya Pilipili

Kwa walimu wakuu mliopaka "Sibanduki" kwenye kuta zenu, na kwa watoto wa darasa la saba mnaoikariri,

Mshairi wa shairi hilo ni wifi yangu, na ninamwonea wivu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kulichimbua. Mtakaposikia watu wanasema, "Huyu ana wivu tu," wajibuni kwamba hata yeye amesema, kisha waulizeni kama alichokiandika ni kweli.

Shairi mlilopaka ni pungufu. Lina beti nne. Aliyelipaka kwa mara ya kwanza ni mdogo wangu, fundi wa mabango hodari, na siku ile aliishiwa ukuta. Hakuna njama, hakuna aliyehongwa. Alianza na herufi kubwa mno. Kosa la kupima lilizaa shairi jipya, na shairi hilo jipya nchi nzima imelipenda kuliko la kweli. Hapo ndipo penye jambo la kututia haya. Fundi alikosa nafasi. Sisi wengine tuna nafasi tele, na hakuna hata mmoja aliyesoma beti tatu akajiuliza: je, kama mtu huyu amesimama mahali pabaya?

Hatukujiuliza kwa sababu kila mmoja wetu anadhani yeye ndiye aliyesimama pazuri. Bosi anasoma "sibanduki" anaona anasifiwa. Mume aliyekosa anasoma, anakunja mikono. Mwandishi wa magazeti anasoma, tena huyo ndiye mbaya kuliko wote, anaona picha yake. Kushika unachokiamini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumruhusu mwenzako akwambie, na umsikilize hata kama humpendi, hata kama ana wivu, hata kama amekwambia kwa namna isiyofaa. Mimi nimeambiwa hivi karibuni na mtu ninayempenda, kwamba nilisema kweli kwa namna isiyofaa. Nimesikia. Bado inauma, na sina la kujitetea.

Huu hapa ubeti wenyewe, kwa idhini ya mwenye shairi:

*Lakini nikijaona, nilisimama pabaya,*
*Na mwenzangu akinena, ukweli pasi na haya,*
*Sitang'ang'ania tena, nitahama sitagwaya,*
*Penye haki niendapo, hapo ndipo sibanduki.*

Walimu wakuu, siwaombi, nawataka: kabla muhula haujafungwa, ubeti huu uwe ukutani kwenu. Msiupeleke upande wa mabomba. Futeni kitu kingine. Kuna kuta zimejaa majina ya wageni rasmi waliokata utepe.

Na ninyi watoto wa darasa la saba, kitabu chenu hakitakuwa na shairi hili, kwa hiyo likaririni kutoka gazetini kabla halijafungiwa misumari. Siku yoyote mtu mzima, awe mwalimu, mzazi au mgeni rasmi, atakaposimama mbele yenu akasoma beti tatu akafunga karatasi, inukeni wote. Kwa adabu, mikono nyuma. Mwambieni, "Shikamoo, bado mmoja." Na msikae chini mpaka ausome.

Pilipili